Ngome yako ya Mirihi: anza na birika la maji

Ndugu uliyeuliza, salaam. Mchoro wa ngome ya hadithi yako nimeutazama mara tatu. Ngome iko kwenye sayari ya Mirihi, ina askari 120, ukuta wa chuma wa mita 4 kwenda juu, minara minane ya mizinga ya leza, na umetaka kujua ukuta uwe mnene kiasi gani adui asiupenye. Swali la ukuta nitalijibu, ila si la kwanza. Mimi ni mwashi. Kwa miaka 19 kazi yangu ni kukarabati nyumba za mawe za Mji wa Kale hapa Mombasa, na Jumamosi jioni nakaa na vijana wa mtaani kwetu Kibokoni tunacheza mchezo wa mezani wa vita vya anga tulioutunga wenyewe. Nimechora ngome nyingi, na nyingi nimeziona zikianguka juu ya meza ile ile. Hakuna hata moja iliyoanguka kwa sababu ukuta ulikuwa mwembamba.

Ya kwanza ilianguka kwa maji. Matanki yote mawili niliyaweka kwenye chumba kimoja karibu na lango, kwa kuwa ndipo palipobaki nafasi kwenye karatasi. Kijana mmoja wa darasa la nane aliyekuwa upande wa washambuliaji hakuugusa ukuta wangu. Siku ya pili ya vita alikipiga kile chumba, akarudisha watu wake nyuma ya kilima, akasema, "Sasa tunangoja tu." Adhana ya isha ilipotoka, mchezo ulikuwa umekwisha.

Baada ya hapo nilirudi Ngomeni, Fort Jesus, ngome ya kale ya hapa Mombasa, mahali nilipopita tangu utotoni bila kutazama. Nilitembea nikitafuta jambo moja tu: hawa watu walikunywa nini? Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe mdomoni mwa bandari. Kisima walichimba, kirefu, kinatisha ukichungulia, lakini maji yake ni ya chumvi. Ya kunywa ilibidi wayakinge ya mvua, wayaweke kwenye birika. Yaani ngome iliyopangwa na bingwa wa ramani za vita wa zama zake iliishi kwa kutegemea masika na vuli.

Mtu ambaye hajawahi kukosa maji hataliona jambo hili kwa uzito wake. Mwaka mmoja mabomba ya mtaa wetu yalikauka kwa wiki kadhaa. Ghorofa yetu ina familia sita na kisima uani, chumvi vile vile. Wiki ya kwanza tulicheka na kuazimana ndoo. Wiki ya pili mitungi ya lita 20 ya mkokoteni ilipanda bei, na kila mtu akawa anafunga mlango wake wa jikoni. Wiki ya tatu jirani yetu, bibi wa makamo, alijaribu kupika chai kwa maji ya kisima. Maziwa yakakatika, yakawa mabonge meupe yanayoelea kwenye sufuria. Alisimama akiitazama ile sufuria, kisha akaniambia, "Mwanangu, hata chai imenikataa." Sauti yake naikumbuka mpaka leo. Hakuna adui aliyetuzingira, na bado watu waliokula sahani moja walianza kupitana ngazini bila salamu. Ukiandika askari wako, waandike hivyo.

Sasa tazama jinsi Mirihi inavyofanana na kisima chetu. Chombo cha anga cha Phoenix kilitua kwenye nyanda za kaskazini za Mirihi mwaka 2008, kikachimba na kukuta barafu nyeupe kabisa. Maji yapo. Lakini chombo hicho hicho kilikuta kwenye udongo chumvi za perklorati, ambazo huvuruga tezi ya shingo zikiingia mwilini. Kwa hiyo askari wako hawawezi kuchimba, kuyeyusha na kunywa. Wanahitaji mtambo wa kusafisha, na mtambo huo ndio roho ya ngome. Piga hesabu. Mtu akitumia lita 4 kwa siku za kunywa na kupikia tu, watu 120 wanataka lita 480. Kituo cha Kimataifa cha Anga kilifikia mwaka 2023 kurejesha asilimia 98 ya maji yake, na ukiwa na mtambo wa aina hiyo unapoteza chini ya lita 10 kwa siku. Mtambo ukifa, lita zote 480 lazima zitoke ghalani kila siku.

Kwa siku ngapi? Swali hili ndilo lililobadilisha uchoraji wangu wote, na jibu lake sisi watu wa pwani tunalijua bila kufundishwa: mpaka msimu urudi. Jahazi la kutoka Bara Hindi lilikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na hakuna amri ya mfalme iliyoweza kuugeuza upepo. Mirihi nayo ina kaskazi yake. Njia nafuu ya kutoka duniani hufunguka kila miezi 26, sayari mbili zinapokaa vizuri, kisha hufungwa. Miezi 26 ni kama siku 790. Kwa maji peke yake, bila mtambo, hiyo ni karibu tani 380. Oksijeni, kwa kadiri ya gramu 840 kwa mtu kwa siku, ni tani 80. Na hapo hujahesabu msafara mmoja kupotea njiani.

Misafara hupotea. Waomani walipoizingira Fort Jesus mwezi Machi 1696, ndani mlikuwa na Wareno wasiofika 100 na watu wa pwani zaidi ya 1,000, wakiwemo wanawake na watoto. Kuzingirwa kuliendelea karibu miezi 33. Msaada ulikuja Desemba ile ya kwanza, lakini mwaka uliofuata maradhi yaliwafagia, na kwa muda aliyeshika ngome alikuwa mtu wa Faza, kisiwani Pate, Bwana Daud, pamoja na watu wake. Meli ya Santo António de Tanná ilikuja kuleta msaada mwaka 1697 ikazama papo hapo chini ya kuta. Wapiga mbizi waliifukua miaka ya 1977 hadi 1980. Ngome ilipotekwa Desemba 1698 waliobaki hai walikuwa wachache wa kuhesabika kwa vidole. Siku chache baadaye msafara mwingine wa Wareno ukafika bandarini, ukaiona bendera ya Oman juu ya buruji. Ukitaka mahali pa kuanzia hadithi yako, kwangu mimi ni siku hizo chache.

Basi mchoro wangu huanza na birika, si na ukuta. Nagawa maji mahali patatu palipo mbali mbali, kila pahali na pampu yake. Juu na pembezoni mwa mabweni nayaweka pia, kwa sababu maji huzuia mionzi vizuri. Hivyo yanafanya kazi mbili. Halafu naongeza nafasi ya watu ambao hawakualikwa. Wachimba madini, mafundi, watoto wao: vita vikija wote watakimbilia langoni kwako, kama watu wa mji walivyokimbilia Ngomeni. Umechora vitanda 120. Chora 400, au andika ukurasa ambapo kamanda anafunga lango watu wakiwa nje, na uwe tayari kuuandika vizuri.

Halafu gati. Fort Jesus ina njia iliyokatwa ndani ya matumbawe, yenye matao, inayoteremka mpaka baharini. Mashua ikifika, mizigo inaingia bila kuzunguka nje kwenye risasi. Wewe umeweka uwanja wa roketi mita 50 kutoka langoni. Hapo utaivunja ngome yako mwenyewe. Apollo 12 ilipotua mwezini mwaka 1969, kiasi cha mita 160 kutoka kwa chombo cha zamani Surveyor 3, moshi wa injini ulirusha vumbi kwa kasi hata likakichubua kile chombo kama msasa. Uwanja uwe mbali basi, nyuma ya tuta la udongo. Lakini ukishauweka mbali, ile barabara kati ya uwanja na ghala ndiyo inakuwa mahali dhaifu kuliko pote. Mimi ningeifukia, iwe njia ya chini kwa chini, na mizinga yako mingi ningeielekeza kuilinda hiyo.

Haya, ukuta. Ngome ya duniani husukumwa na adui kutoka nje. Ya Mirihi husukumwa na hewa yake yenyewe kutoka ndani. Kanieneo ya hewa ya Mirihi, yaani msukumo wake, haifiki asilimia 1 ya yetu. Ukijaza ndani hewa kama ya Mombasa, kila mita ya mraba ya dari inasukumwa juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 10. Unasema utaweka mita 2 za udongo juu. Udongo huo duniani ungekuwa na uzito wa tani 3 hivi, lakini mvutano wa Mirihi ni kama asilimia 38 ya wetu, kwa hiyo unakandamiza kwa tani moja na kitu. Dari bado inataka kuruka. Ili udongo peke yake uishikilie ungehitaji mita 17 hivi. Ukishusha kanieneo mpaka theluthi, na kuongeza oksijeni kwenye mchanganyiko kama walivyofanya Wamarekani kwenye kituo cha anga cha Skylab mwaka 1973, zinatosha kama mita 6. Kwa hiyo achana na ukuta wa kusimama. Chimba. Chuma chako kiwe ngozi ya ndani ya kuzuia hewa isitoroke, udongo uwe juu, na vyumba viwe na kuba na matao, maana pembe za mraba ndizo zitakazochanika kwanza. Kila chumba kijifunge peke yake kama meli inavyogawanywa, ili tundu moja lisiwaue wote.

Na ujenge kwa kitu kinachoweza kuzibwa na aliyepo. Hili linaniuma kwa sababu nimeliona kwa mikono yangu. Msimamizi wa kazi moja alituamuru tupige lipu ya saruji kwenye ukuta wa matumbawe na chokaa, akisema saruji ni ngumu zaidi. Ni ngumu, kweli. Lakini ukuta wa chokaa hupumua, na saruji iliufungia unyevu na chumvi ndani. Masika moja tu ilipopita, ukigonga kwa konzi ulisikia mlio mtupu, na lipu ikang'oka vipande vikubwa na kutoka na mawe yenyewe. Askari wa Mirihi akipata ufa usiku hana duka. Ana udongo wa nje na alicho nacho ghalani. Kama ukuta wako unahitaji kiwanda kilichoko duniani, una ukuta mpaka ufa wa kwanza.

Kuhusu minara sina mengi. Mirihi ni ndogo, upeo wa macho uko karibu: mtu aliyesimama anaona kilomita 3 na nusu tu, na mnara wa mita 20 unaona kama 12. Miwili mirefu inatosha, hakikisha kila mmoja unaona mguu wa mwenzake, kama buruji za Ngomeni zinavyotazamana. Umeme usitegemee sola peke yake; dhoruba ya vumbi ya mwaka 2018 ndiyo iliyolizima Opportunity, gari la utafiti la Mirihi lililotumia sola.

Limebaki jambo moja ambalo mchoro wako hauonyeshi. Mwaka 1631, zaidi ya miaka 60 kabla ya Waomani, Fort Jesus ilichukuliwa bila kuzingirwa. Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa aliyelelewa na Wareno wenyewe huko Goa, India, aliingia na watu wake kupitia lango lililo wazi na kumuua kapteni. Walikuwa wamemdhulumu, na bado walimfungulia. Kwenye mchezo wetu ngome yangu ya nne ilianguka vivyo hivyo: niliweka ufunguo wa maji kwa kamanda mmoja, naye akawanyima wachimbaji mgao wao siku tisa. Siku ya kumi walimfungulia adui mlango wa uwanja wa roketi.

Kwa hiyo chora upya, ukianzia birika. Ukimaliza weka picha hapa, na pembeni mwa kila tanki uandike ni nani ameshika ufunguo wake, na watu wa nje wanapata lita ngapi.