Ulaji upi huo?

Kaka, unasema mitume walitunga habari ya ufufuo wa Yesu ili wapate ulaji. Ulaji upi? Yakobo mwana wa Zebedayo aliuawa kwa upanga na Herode Agripa, kama mwaka 44 hivi (Matendo 12). Tena mitume wanne wa kwanza walikuwa wavuvi, si watu wa kubabaishwa. Nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, alfajiri, mwambie mvuvi aliyekesha na taa za dagaa kwamba mtumbwi wake mtupu umejaa, uone atakavyokuangalia! Tomaso naye aligoma kuamini mpaka aone alama za misumari. Petro, sawa, alimkana Bwana kwa kuogopa maneno ya kijakazi. Muda si mrefu yuko mbele ya Kayafa yuleyule, kuhani mkuu ambaye uani kwake alimkana Bwana, hatetemeki. Hapo ndipo utueleze, kilimbadilisha nini?