Maswali ya Wasomaji: Mbwa Kampita Kifutu, na Ukoo wa Watu wa Nyoka

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi naishi Chanika, huku vichaka bado vipo. Juzi kati mbwa wetu kapita pembeni ya tofali, kapita kabisaa, hajanusa wala kubweka, nyuma yake anakuja mjukuu wangu na ndoo, si ndo anamwona kifutu kajikunja palepale! Sasa mbwa si ndo mwenye pua? Halafu kijana wangu yuko Mlimani anasoma zoolojia, anataka nyoka, anasema wenzake kwenye fani hiyo wanaulizana nani kafundishwa na nani kama watu wanaotaka kuoana. Ni majungu ya wasomi au? – Bibi, Chanika

JIBU: Shikamoo bibi. Mbwa msamehe tu. Mwaka 2015 watafiti wa Afrika Kusini, akiwemo Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, walifundisha mbwa na wanyama wengine jamii ya nguchiro kutambua nyoka kwa harufu. Nyoka wa aina tano wanaozurura kutafuta chakula walitambuliwa bila shida, kufika kwa kifutu wote wakachemka. Kifutu anawinda kwa kulala akisubiri, mzito, mbio hana, sasa kama angenuka angeliwa zamani. Rangi inamficha kwa macho na harufu nayo haimchomi, ndo maana hata mtu akija anabaki palepale hakimbii, na hapo ndo mguu unapomkuta. Kwa hiyo hizo tofali zihamishe mbali na njia ya watoto, na usiku mtu asitoke bila tochi na viatu, mbwa usimtegemee.

Sasa ukoo. Kuna majivuno kidogo humo, tusidanganyane, ila si majungu matupu. Chukua mfano wa Harry Greene, Mmarekani, mtaalamu wa nyoka. PhD yake kaipata Chuo Kikuu cha Tennessee mwaka 1977 chini ya Gordon Burghardt, yule aliyeonyesha kwamba kitoto cha nyoka ambacho hakijawahi kula chochote kikipewa harufu ya mawindo ya aina yake kinatoa ulimi harakaharaka na hata kushambulia, yaani kimezaliwa kinajua. Lakini mwalimu wake mwingine alikuwa Henry Fitch, mzee aliyehamia hifadhi moja ya Kansas mwaka 1948 akakaa humo miongo kibao anakamata nyoka, anamtia alama, anamwachia, akimkamata tena anampima upya, kazi ya kuchosha ambayo wengi wangeikimbia. Fitch naye kafundishwa Berkeley, chuo kikuu cha California, na Joseph Grinnell, bwana mkali wa daftari, ulichokiona porini unakiandika siku hiyohiyo na mahali ulipokiona. Greene akaja kufundisha Berkeley hukohuko kuanzia 1978. Unaona kinachorithishwa? Ni tabia ya kukaa na mnyama na kuandika, hiyo kitabuni huipati. Ndo maana mwaka 1981 yeye na mtafiti mwenzake Roy McDiarmid waliweza kutetea hoja kwamba nyoka wengine wa Amerika wanaiga pete za rangi za nyoka wa matumbawe (coral snake, wenye sumu kali) wa eneo lao, na 1988 akaandika mapitio marefu ya jinsi reptilia wanavyojilinda. Hata huku kwetu waigaji tunao, nyoka mla mayai hana meno ya maana lakini anasugua magamba yake mpaka unasikia kama jamii ya kifutu anakufokea!

Kijana asihangaike na jina kubwa ng'ambo. Hapohapo Mlimani Kim Howell kafundisha miaka mingi na ni mmoja wa walioandika mwongozo wa reptilia wa Afrika Mashariki. Amuulize msimamizi wake mara ya mwisho kaenda porini lini, na daftari aione.

SWALI: Swila anatema mate ili aue? – Dereva bodaboda, Kigamboni

JIBU: Hapana kaka, anatema akufukuze. Kuua anatumia meno. Utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kutema kumejitokeza mara 3 tofauti, kwa swila wa Afrika, wa Asia, na ndugu yao mmoja wa kusini mwa Afrika, na kote sumu imeongezewa kitu kinachozidisha maumivu. Analenga uso, na anafika mita 2 na ushee. Yakiingia machoni osha kwa maji mengi, usisugue, usitie dawa za kuambiwa mtaani, nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua.