Usitume hata dola moja kabla mzee hajapimwa: mashine za masikio za bi mkubwa zilivyonila shilingi milioni tatu na nusu

Dada simama hapo hapo, usitume hiyo hela.

Umesema baba yako ana miaka 71, yuko Morogoro, TV anafungulia mpaka majirani wanasikilizia taarifa ya habari kwenu, sikio la kushoto ndiyo limezidi na anasema linamvumia, na kaka yako wa Marekani ameona mashine za masikio pea moja dola 299, ofa inaisha Jumapili, sasa unauliza mnunue hizo au za huku, za kuingia ndani ya sikio au za kukaa nyuma, betri zinadumu muda gani na bima inalipa au hailipi. Nimeusoma uzi wako mara mbili, natafuta sehemu moja tu uliyosema mzee amepimwa. Haipo. Na waliokujibu juu hapo wote wanakutajia kampuni na bei, hakuna hata mmoja aliyeuliza. Ndiyo maana nimeamka saa hizi kuandika, kwa sababu hapo uliposimama na mimi nilisimama mwaka 2022, na najua unaelekea wapi.

Bi mkubwa wangu alianza taratibu. Unamwita hasikii, ukimgusa anageuka anakwambia usinipigie kelele. Halafu ikaja hii ya kusikia ila haelewi, na hapa ndipo sisi watoto tulipomkosea sana, maana tulikuwa tunasema mama anajifanya, mbona akisemwa anasikia. Siku moja tukamwambia kwenye simu kikao cha harusi ni saa sita, akafika saa tisa watu wanakunja viti. Tukacheka. Baadaye mtaalamu wa kupima usikivu ndiye alinieleza, sema sita, sema tisa, sikiliza: i na a zote ziko pale pale, kinachotofautisha ni s na t tu, na s na t ni sauti nyembamba, na masikio ya uzee huwa yanaanza kufa kwenye sauti nyembamba wakati zile nzito za besi bado zinaingia vizuri. Kwa hiyo mama anasikia kwamba mtu anaongea, ila maneno yanamfikia yameng'olewa meno. Alikuwa hajifanyi. Alikuwa anabahatisha mwaka mzima na sisi tunamcheka.

Tuliponunua mara ya kwanza ni kile kidude cha kuchaji cha Kariakoo, elfu thelathini na tano. Sitakaa hapo sana. Kile siyo mashine ya masikio, ni kipaza sauti kidogo, kinakuza kila kitu sawasawa, sahani, honi, feni na mtu anayeongea, vyote vinaingia kwa nguvu ile ile. Alivaa siku mbili akasema kichwa kinamuuma. Na bahati alikivua, maana kelele ikizidi humo ndani inaweza kumalizia hata kile kidogo kilichobaki.

Kilichoniumiza ni cha pili.

Nikaona elfu thelathini na tano ndiyo kosa langu, nimefanya ubahili kwa mama, sasa ngoja nifanye kitu cha maana. Nikamchukua mpaka kwenye duka moja la vioo hapa Dar, sitalitaja, kijana kavaa tai, laptopu mezani, mabango ya wazee wa Kizungu wanatabasamu ukutani. Tukakaribishwa maji. Akamvalisha mama hedifoni pale pale dukani, mlango wazi, bodaboda zinapita nje, redio inaimba, akabonyeza bonyeza simu yake dakika saba hivi, akageuza kioo akanionyesha mstari unapanda unashuka akasema mama yako yuko kati, siyo mbaya, hizi zinamfaa kabisa. Hakuangalia ndani ya sikio. Narudia, hakuchungulia ndani ya sikio la mama yangu hata kwa tochi ya simu. Akaanza kunitajia chaneli 16, Bluetooth, ndizo wanazovaa Ulaya, ndogo mtu hawezi kuziona. Bi mkubwa mwenyewe akapenda kwa sababu hazionekani. Milioni tatu na laki tano pea. Nilitoa hela ya tofali nilizokuwa nimepanga kumalizia chumba, nikalipa yote siku hiyo, na nilijisikia mtoto mwema kweli.

Wiki ya kwanza zikaanza kupiga mluzi. Akimkumbatia mjukuu mluzi, akijifunga kilemba mluzi, akitafuna mluzi. Nikampigia kijana, "ataizoea tu bro". Mama anasema sauti yake mwenyewe anaisikia kama yuko ndani ya pipa ila ya mtu mwingine haeleweki vile vile. "Ataizoea." Nikampeleka dukani mara tatu, kila mara anaunganisha kwenye laptopu anaongeza sauti kidogo anarudisha, mluzi unazidi, "mpe mwezi ataizoea". Mwezi wa tatu simu haipokelewi, mwezi wa tano duka limegeuka la kuuza mapazia.

Na mama hakunilalamikia hata siku moja. Hicho ndicho kinanichoma mpaka leo. Alijua nimetoa hela nyingi, kwa hiyo nikija anazivaa, nikiondoka anazivua. Nilikuja kugundua siku nimefika bila taarifa, nikamkuta ameketi uani anachambua mchele, masikio matupu, nikauliza ziko wapi, akainuka polepole akaenda kabatini akatoa kopo la Blue Band, ndani kuna sindano, vifungo, na zile mashine zimefungwa kwenye kipande cha khanga kwa fundo mbili. Zile milioni tatu na nusu zilikuwa zimelala na vifungo.

Ndipo nikampeleka hospitali, kitu ambacho ilitakiwa nianze nacho. Kitengo cha masikio, pua na koo. Daktari akachungulia, cha kwanza akatoa nta, sikio la kulia ilitoka imeganda nyeusi kama mbegu ya ukwaju. Yaani kile kipimo cha dukani kilimpima mama akiwa na kizibo sikioni. Halafu akaingizwa kwenye kile chumba kidogo kisichoingiza kelele, hedifoni, kitufe mkononi, kila akisikia tii anabonyeza, hata kama ni ya mbali sana. Zaidi ya nusu saa. Akatoka na karatasi inaitwa audiogramu, na nikaelezwa namna ya kuisoma, nikwambie na wewe maana ni rahisi. Kwenda kulia ni wembamba wa sauti, kuanzia nzito kabisa mpaka nyembamba. Kushuka chini ni ukubwa wa sauti inayohitajika ndipo asikie, kwa desibeli, kadiri alama ilivyo chini ndivyo hali ilivyo mbaya. Duara jekundu ni sikio la kulia, X ya bluu ni la kushoto. Mwenye masikio mazima alama zake zote ziko juu, ndani ya 20 hivi. Za mama zinaanzia 40 upande wa sauti nzito, kisha zinaporomoka kama ngazi mpaka 75 kule kwenye nyembamba, kule kule kwenye s na t na f na k.

Mtaalamu akaziangalia zile mashine akatikisa kichwa. Zimetengenezwa kwa mtu aliyepoteza kidogo. Zinakaa na kofia ya mpira yenye matundu ambayo kwa mtu wa desibeli 75 sauti inavuja nje, inarudi kwenye maikrofoni, ndiyo huo mluzi. Nikamwambia basi ziset upya kwa hii karatasi. Akaunganisha kwenye kompyuta yake, zikakataa. Zimefungwa. Kuna mashine zinauzwa zikiwa zimefungwa kwa programu ya muuzaji tu, mwingine yeyote hawezi kuzifungua wala kubadilisha kitu, na muuzaji wangu ndiyo huyo wa mapazia. Nikamuuliza mara ngapi sijui kama hakuna njia. Hakuna.

Sasa dada rudi kwenye hizo za dola 299. Marekani tangu Oktoba 2022 sheria inaruhusu mashine za masikio kuuzwa madukani na mtandaoni bila daktari, na siyo utapeli, zipo nzuri tu. Lakini soma boksi lake: ni za mtu mzima wa miaka 18 na kuendelea ambaye kupungua kwake kusikia ni kidogo mpaka kwa wastani. Baba yako yuko wapi kwenye hiyo ngazi? Hujui, kaka hajui, mzee hajui. Nyingi unajiset mwenyewe kwa programu ya simu, sasa mwambie mzee wa miaka 71 mwenye simu ya vitufe akae Morogoro avute mistari kwenye kioo. Na zikisumbua kurudisha ni kwa yule aliyeuza, kule, kwa sanduku, na masharti yake.

Halafu kuna kitu umekiandika kama unapita tu na mimi kimenishtua kuliko bei. Sikio moja limezidi na linavuma. Masikio ya uzee kwa kawaida yanashuka yote mawili kwa pamoja. Likitangulia moja, au likivuma moja, au linatoa usaha, au kuna kizunguzungu, hilo ni la daktari kuangalia kwanza, inaweza kuwa nta tu na mkarudi nyumbani bila kununua kitu, inaweza kuwa kitu kinachotibika, inaweza kuwa kitu kisichotakiwa kusubiri. Na kama lilikufa ghafla, ndani ya siku moja mbili, hapo usingoje hata wiki, mkimbize.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na hii nimeilipia: usinunue mashine, tafuta kwanza mtu atakayeiset. Yaani audiogramu mkononi, halafu mtu mwenye jina na chumba, unayeweza kumfikia kwa nauli, anayekwambia mashine hii naweza kuifungua kwenye kompyuta yangu leo, mwezi ujao na mwaka kesho. Muulize hivyo hivyo kwa maneno hayo kabla hujatoa pochi: imefungwa au haijafungwa, ikija hospitali nyingine wataweza kuiset? Akianza kukujibu chaneli na Bluetooth, nyanyuka.

Bi mkubwa mara hii alichukua za kukaa nyuma ya sikio, siyo za bei mbaya, milioni moja na laki sita pea, chini ya nusu ya zile za kwenye kopo. Walimwaga ule ute kama ulimbo masikioni wakachukua umbo la sikio lake, wiki mbili baadaye zikaja moldi zake, zinakaa kama kizibo, mluzi hakuna. Wakaziset kwa ile karatasi. Na tulirudi mara tatu ndani ya miezi miwili kurekebisha, hiyo ndiyo kazi yenyewe, ukiuziwa mara moja ukaambiwa kwaheri ujue umeuziwa nusu. Kuzoea kweli kupo, wiki za mwanzo alikuwa analalamika mfuko wa nailoni unapiga kelele kama moto, na feni ya sebuleni kumbe inaguna. Hiyo ni ya kuzoea. Mluzi, maumivu, na kutoelewa mtu aliyekaa mbele yako siyo vya kuzoea, vinarudishwa kwa aliyeset.

Betri zake ni namba 13, zina karatasi ya rangi ya chungwa, zinamfikisha siku kumi hivi. Ukibandua karatasi iache dakika moja ivute hewa ndipo uweke, na usibandue kabla ya siku yake maana ikishavuta hewa inaanza kuisha hata kama iko droo. Usiku anafungua kijimlango cha betri na kuweka mashine kwenye kopo lenye kile kipakiti cha kunyonya unyevu, jasho la Dar linaua mashine hizi. Betri ziwekwe mbali na watoto, zikimezwa ni hatari.

Siku waliyomset nilisimama nyuma yake, nikaziba mdomo kwa daftari asinisome midomo, nikasema mama, sita. Akasema sita. Nikasema tisa. Akanyamaza kidogo, akageuka, akaniambia, "Kumbe ndiyo hivyo mlivyokuwa mnasema." Nilitoka nje.

Mwambie kaka yako ofa iishe tu Jumapili, zitakuja nyingine. Hiyo hela mpe mzee nauli, siku hizi treni ya umeme kutoka Morogoro mpaka Dar hata saa mbili hazifiki, mlete Muhimbili au popote penye kitengo cha masikio chenye chumba cha kupimia, aanze kwa kutolewa nta. Audiogramu ikitoka ficha jina lake, piga picha uirushe hapa, nitakusomea duara na X mimi mwenyewe, ndipo tuongee za ndani au za nyuma.