Gleizi ya limau kutoshika kwenye biskuti

Dada pole, umesema gleizi yako ya limau, ile sukari ya kumwagia juu, inazama ndani ya biskuti na juu panabaki kunatanata tu, ulimwagia zikiwa bado moto si ndiyo? Ziache zipoe kabisa, mimi huziacha mezani naenda Nakawa sokoni narudi ndo naanza. Halafu maji ya limau tia kidogo kidogo, kikombe 1 cha sukari ya aising, ile laini kama unga, kinataka vijiko 2 vya chakula tu, ukiinua kijiko idondoke polepole kama uji mzito, ikikimbia ongeza sukari. Na ile harufu jamani iko kwenye ganda siyo kwenye maji, kwangua rangi ya juu tu maana nyeupe ya chini ni chungu, isugue na sukari ya biskuti kwa vidole kabla ya kutia siagi mpaka sukari ilowe. Machungwa yetu pia yanafaa hata yakiwa kijani. Huna oveni? Sufuria nzito yenye mchanga juu ya sigiri (jiko la makaa), ila makaa yasizidi, za kwanza zangu walikula kuku.