Muulize Mwalimu: Ua la Ufukweni Limelala au Limekufa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Huku Pangani, juu ya mchanga wa ufukweni, kuna mmea unaotambaa wenye maua ya zambarau. Nikienda kununua samaki asubuhi nayakuta wazi, nikipita tena alasiri yamejikunja. Mume wangu anasema yanakimbia jua na kesho yatafunguka upya. Ni kweli?
Msomaji, Pangani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mumeo amekosa mawili, ila mwambie taratibu.

Mmea huo, wenye majani yaliyogawanyika mfano wa ukwato wa mbuzi, ni wa ukoo mmoja na viazi vitamu, na ua lake huishi siku moja tu. Lililojikunja alasiri ndiyo basi tena. La kesho litatoka kwenye tumba jingine. Wala usiniamini mimi. Funga uzi kwenye kikonyo cha ua lililo wazi, kesho ukaliangalie.

Na jua? Ndugu yake wa Japani, asagao, amechunguzwa sana. Tumba lake hufunguka baada ya muda wa saa kumi hivi tangu giza liingie. Linahesabu kuanzia jioni, halingoji kuamshwa na jua. Mimea ina saa yake ndani. Mwaka 1729 Mfaransa de Mairan aliuweka gizani mmea wa namna ya kifauongo, na majani yakaendelea kukunjuka mchana na kujikunja usiku vilevile. Nguvu ya kujikunja hutokana na maji: katika mishipa ya ua lako, seli za upande wa nje hujaa, za ndani hulegea, petali zikajiviringa.

Anayelala kweli ni yungiyungi wa buluu. Ua lilelile hufunguka asubuhi, hufumba alasiri, likarudia hivyo siku tatu nne kabla ya kuzama. Ukitaka kulifungia uzi, tafuta dimbwi dogo. Mto Pangani una mamba.

Mumeo akishikilia hoja yake ya kukimbia jua, mpeleke kwenye mbuyu uliochanua. Maua yake hufunguka magharibi, popo huyatembelea usiku, na kesho yake yananyauka. Nendeni wote wawili, na tochi.