Ukiritimba si foleni

Msomaji wetu wa Morogoro anauliza: "Nilikuwa namsimulia baba mkwe jinsi mahakama ya Marekani ilivyoivunja kampuni ya simu ya AT&T kwa sababu ya ukiritimba. Mzee akanijibu, 'Afadhali wao. Huu ukiritimba wetu wa maofisini nani atauvunja?' Je, tulikuwa tunaongea kitu kimoja? Na kampuni huvunjwa?"

Hamkuwa mnaongea kitu kimoja, na aliyekosea ni mkweo, ingawa sikushauri umwambie.

Neno hili limeniudhi miaka mingi. Mtu akizungushwa dirisha hili hadi lile, akaambiwa mwenye muhuri ametoka, njoo kesho, na kesho akaagizwa nakala tatu, basi akifika nje utamsikia: "Ukiritimba mtupu!" Ukiritimba wa wapi? Huo ni urasimu, neno la ukoo mmoja na rasmi, Kiarabu hicho, na linatosha kabisa. Mwaka jana nilipita meza saba katika ofisi moja kufuata saini moja. Penye meza saba, ukiritimba umeketi kwenye ipi? Mwenye ukiritimba ni yule aliyehodhi: chumvi ya kijiji kizima inauzwa dukani kwake tu. Anaweza kukuhudumia upesi, tena kwa tabasamu. Bei ndiyo utakayoisikia.

Itazame AT&T yenyewe. Simu zake zilisifika kwa kusikika vizuri. Waya uliofika nyumbani kwa Wamarekani wengi ulikuwa wa kampuni zake za mitaa, simu za mbali karibu zote zilipita kwake, na chombo chenyewe kilitengenezwa na kampuni yake tanzu, Western Electric. Mteja alikipanga kama chumba, kodi kila mwezi. Sasa palikuwa na kidude kiitwacho Hush-a-Phone, mfano wa kikombe, cha kubandika kwenye mkono wa simu pale unapowekea mdomo, ili jirani asisikie umbea wako. AT&T ikakipiga marufuku. Kikombe! Hakina waya, hakina umeme, kinaziba sauti basi. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Rufani, na mwaka 1956 kikombe kikashinda. Ukitaka kumweleza mtu ukiritimba, mpe hicho kikombe. Mwenye nacho hakuambiwa njoo kesho. Aliambiwa hakuna ruhusa, na kampuni nyingine ya kukimbilia hakuwa nayo.

Kuvunja je? Ukivunja Bunge, hakuna Bunge mpaka uchaguzi. AT&T haikufa. Ilimegwa, kama Mkoa wa Rukwa ulivyomegwa mwaka 2012 ikapatikana Katavi, na Rukwa ipo. Kampuni 22 za mitaa zilitolewa mikononi mwake, zikafungwa mafurushi saba, kuanzia Januari 1, 1984. Simu za mbali na Western Electric vikabaki kwake.

Na hiyo "mahakama ilivunja" nayo ina walakini. Hukumu, hakimu na mahakama ni watoto wa mzizi mmoja, lakini hapa hakuna aliyetiwa hatiani. Serikali ilifungua shauri mwaka 1974. Januari 1982 pande mbili zikapatana, na Jaji Harold Greene akataka kwanza mambo kadhaa yarekebishwe, ndipo Agosti akayapa mapatano nguvu ya hukumu. Kwa hiyo andika: "AT&T ilimegwa kwa hukumu ya mapatano." Ukiandika "ilihukumiwa kuvunjwa" nitakurudishia karatasi.

Barazani nimeshachoka kugombana. Mzee akisema ukiritimba wa maofisini, itikia, mmiminie kahawa. Akiuliza yaliishia wapi, mwambie furushi moja kati ya yale saba lilinenepa, na mwaka 2005 likamnunua mama yake na kujiita kwa jina lake. Neno la jambo hilo bado nalitafuta.