Binti akikugusa bega, simama

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni baba wa watoto wawili, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Mke wangu alifariki mwaka juzi, tukamzika kwao Kondoa. Binti yetu mkubwa, sasa ana miaka 16, alikuwa bweni Mbeya, alifika tukiwa tumeshazika. Tangu hapo amekuwa mkimya. Nikimuuliza lolote hujibu "sawa baba", basi. Likizo ya mwezi wa 6 nataka nimpakie kwenye Boxer yangu ya cc 150 tuzunguke wiki nzima: Kondoa, Babati, Katesh, Singida, Manyoni, halafu nyumbani. Kaburini nitampitisha bila kumwambia. Nadhani akiliona atalia na moyo utapoa. Mama yake mdogo amekuja juu, anasema mtoto wa kike hapakizwi pikipiki safari ndefu, nitamzoesha bodaboda. Nifanyeje?* – Baba wa Nkuhungu

Marahaba, mdogo wangu. Poleni, wewe na wanao.

Barua yako nimeisoma mara tatu na mara zote nimekwama pale uliposema alifika mmeshazika. Umelitaja hilo kwa maneno machache, ukarukia habari za safari. Najua kwa nini hamkungoja. Maiti haikawizwi, na kutoka Mbeya ni siku nzima ndani ya basi. Simlaumu mtu. Ila huyu mtoto aliondoka nyumbani akiwa na mama, akarudi akakuta turubai na mikeka na watu wakimpa pole. Hakumwona mama yake, hata udongo hakushika. Je, umewahi kukaa naye, wewe na yeye tu, ukamwambia, "Mwanangu, hatukukungoja, na ninajua iliuma"? Kama hujawahi, "sawa baba" yake naielewa. Uamuzi mkubwa kuliko yote maishani mwake ulipita yeye hayupo, na hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo nendeni. Safari naiunga mkono kwa moyo wote, lakini hiyo ya kumshtukiza kaburini ifute kabisa. Mama yake alizikwa bila yeye kuwepo. Usije ukamfikisha kaburini bila yeye kujua anakopelekwa. Anayepakiwa nyuma ya pikipiki haoni mbele, anaona mgongo wako. Mahali mnapokwenda anapajua kwa kuwa umemwambia.

Mwambie mapema, nyumbani, jioni moja mdogo wake akiwa amelala. Anza na lile la kutomngoja. Usijitetee kwa habari za basi na maiti, hizo anazijua. Kisha mwambie njia mtakayopita, mwambie kaburi liko kwenye njia hiyo, na kufika au kutofika ataamua yeye. Atajibu "sawa baba". Usiichukue kama ndiyo. Mwache siku mbili tatu, muulize tena.

Na hiyo njia yako igeuze. Anzieni Manyoni mmalizie Kondoa. Sababu ya kwanza ni ya pikipiki: mwezi wa 6 upepo wa kwetu huvuma kutoka mashariki na kusini-mashariki, na anayetoka Singida kurudi Dodoma huupokea kifuani njia nzima. Pikipiki ya cc 150 yenye watu wawili na mizigo itahangaika bure. Mkienda upande huo wakati wa kutoka, upepo utawasukuma mgongoni. Sababu ya pili ndiyo yangu hasa. Ukianzia Kondoa, unamfikisha kaburini siku ya kwanza akiwa bado ni yule yule mkimya uliyemtoa nyumbani. Ukiiacha Kondoa mwisho, mtakuwa mmeshakula pamoja vibandani siku kadhaa, mmeshaziba pancha pamoja, ameshakuona umechoka na una vumbi usoni.

Dodoma hadi Singida ni kama kilomita 240. Siku hiyo ndiyo ngumu, iamkieni. Baada ya Kintinku barabara inapanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, na hapo mtakuwa pamoja na masemi ya Rwanda, Burundi na Kongo. Semi likikupita, upepo wake unakusukuma kwanza kisha unakuvuta, na wa nyuma anausikia kuliko wewe. Usishindane nayo. Anzeni saa 1 asubuhi jua likiwa limetoka, na saa 10 jioni muwe mmeshafika mnakolala, maana jioni ng'ombe na mbuzi wanarudi nyumbani kwa kukatiza lami. Singida pumzikeni siku nzima. Mpeleke ziwa Singidani akakae juu ya yale mawe makubwa, na wewe nyamaza. Baba wengi mnadhani mtoto akinyamaza lazima ukimya ujazwe.

Katesh mtapita chini ya mlima Hanang, pale tope liliposhuka Desemba 2023 likafukia nyumba na watu. Usimhubirie kitu. Akiuliza, mweleze lilivyokuwa. Huenda hapo ndipo atakapoanza kusema la kwake.

Toka Babati mnaingia barabara ya mama yake. Kilomita 251 zile hadi Dodoma ni lami tupu, ilizinduliwa 2018, lakini wewe na marehemu mliijua enzi za vumbi na makorongo. Msimulie mlivyokuwa mkisafiri kwenda ukweni, mama yake akiwa na mimba yake, kama ndivyo ilivyokuwa. Habari za mama akiwa hai hajazisikia miaka miwili, nina hakika, kwa kuwa kila mtu nyumbani anaogopa kumliza. Pale Kolo simameni mkaone michoro ya miambani, ile iliyoingia urithi wa dunia mwaka 2006. Kuna kupanda kwa miguu, na miguu itahitaji kunyooka.

Sasa mama mdogo. Usimbeze. Anaona wanafunzi wa kike wanavyorubuniwa kwa lifti za bodaboda, na hofu hiyo ina msingi. Ila mimi naona binti aliyepakizwa na baba yake wiki nzima, akajua kulainisha cheni, akajua dereva mwangalifu anavyopunguza mwendo kwenye matuta, hadanganyiki kirahisi na lifti ya kilomita mbili. Mwambie hivyo kwa upole, halafu mpe kazi. Aongee na binti mambo ya hedhi na amfungie pedi kwenye mkoba. Wewe ujue tu kwamba siku nyingine mtasimama mara nyingi zaidi. Tena muombe awe Kondoa siku mtakayofika, binti akikubali.

Gesti chukua vyumba viwili, hata kama hela inauma. Beba kitambulisho chako cha NIDA na nakala ya cheti chake cha kuzaliwa. Mhudumu akiona mwanamume mzima na binti wa miaka 16 akakuhoji, usikasirike. Anamlinda mwanao, mshukuru.

Kofia ngumu anunuliwe yake, inayombana kichwa vizuri, siyo ile ya abiria iliyolegea. Avae suruali nzito, koti, viatu vya kufunika vifundo. Mtandio uingie wote ndani ya koti. Kitambaa kikinaswa na tairi la nyuma au cheni humvuta mtu chini kabla dereva hajajua. Fundi akague breki, tairi na shokamzoba za nyuma, maana umezoea kwenda peke yako. Kumwachia aendeshe, hapana. Hana leseni.

Mwisho ni lile la bega. Kwenye pikipiki hamtasikizana, upepo unakula maneno. Wekeni alama kabla ya kuondoka: akikugusa bega la kulia mara moja, unasimama mahali salama pa kwanza, na humuulizi kwa nini. Iwe mgongo umeuma, iwe haja, iwe hofu, iwe machozi. Marehemu baba yangu alikuwa bwana shamba, alinipakia sana nikiwa na umri wa binti yako, na alama hiyo tulikuwa nayo. Siku moja nilimgusa bega nione tu kama atasimama. Alisimama.

Basi mkifika pale njia ya kwao inapochepuka, na akakugusa bega, zima injini, vua kofia, ngoja. Akisema twende kaburini, nendeni, na atangulie yeye. Akisema turudi Dodoma, washa pikipiki mrudi, na usimwonyeshe uso wa kuvunjika moyo. Kaburi halihami, na mwezi wa 12 kuna likizo nyingine.